Usonji Haukuja na Reli

Katika Bonde la Ufa la kati, usonji huzungumzwa kama mgeni wa juzi. Husemwa kwamba wazee hawakuujua, kwamba umeletwa na chakula cha dukani, chanjo, simu au malezi ya mjini, na kwamba ndiyo sababu umeanza kusikika Nakuru na vitongoji vyake, Lanet ikiwemo, katika miaka ishirini hivi tu. Makala haya yanashikilia kinyume cha hayo. Historia ya eneo hili inaonyesha kwamba kilichochelewa kufika ni jicho la kuutambua usonji, wala si usonji wenyewe, na kwamba jicho hilo lilikuwa na wa kulichelewesha. Kila mamlaka iliyoshika ardhi hii ilihesabu watu kwa haja zake. Shamba la mzungu lilihesabu mikono ya kazi, hospitali ya akili ikahesabu watu wa kuogopwa, na shule ikahesabu alama za mtihani. Mtoto asiyeingia katika hesabu hizo hakuandikwa popote, na asiyeandikwa leo kesho husemwa hakuwahi kuwako.

Kwanza tuelewane kuhusu jambo lenyewe. Usonji ni tofauti katika ukuaji wa ubongo, nayo huanza mapema mno, kabla mtoto hajafikia umri wa kufundishwa tabia na mtu yeyote. Hujidhihirisha katika pande mbili. Upande mmoja ni wa mawasiliano na mahusiano: mtoto huenda asiitikie jina lake, asioneshe kwa kidole kitu kinachomvutia, akachelewa kusema, au akasema vizuri lakini asijue jinsi ya kupokezana mazungumzo. Upande wa pili ni wa kurudiarudia mambo na wa hisi: kupanga vitu kwa mstari, kupunga mikono, kushikilia utaratibu uleule kila siku, kuumizwa na kelele ambayo wengine hawaijali, au kukataa chakula kwa sababu ya jinsi kinavyohisika mdomoni. Wataalamu huuita wigo kwa kuwa ndani yake yumo asiyesema neno maisha yake yote, na yumo pia anayehitimu chuo kikuu huku kila mazungumzo yakimchosha. Upana huo ni wa kukumbukwa, kwa maana mtu aliyezoea kuona ncha moja tu ya wigo hawezi kuwaona walio katikati, hata wawe wengi kiasi gani.

Jina la Lanet limo katika vitabu vya historia kwa mambo mawili hasa. La kwanza ni uchimbaji wa mwaka 1957 wa mwanaakiolojia Merrick Posnansky, aliyefukua mashimo yanayoitwa ya Wasirikwa, wafugaji wa kale wa eneo hili, ambayo wanaakiolojia wanaamini yalikuwa mazizi ya ng'ombe yaliyoshikana na nyumba. Kutoka hapo, aina moja ya vyungu vya kale ikapewa jina la Lanet. La pili ni maasi ya Januari 24, 1964, pale askari wa kikosi cha 11 cha Kenya Rifles walipogoma katika kambi ya Lanet, na jeshi la Uingereza likaitwa kuyazima. Vyungu na bunduki ndivyo vilivyoifikisha Lanet kwenye maandishi. Hilo halishangazi, kwa kuwa udongo hutunza mifupa na vigae, na serikali hutunza kumbukumbu za kile kinachoitishia. Mtoto aliyekaa pembeni mwa zizi akipanga vijiti kwa mstari hawezi kuonekana katika shimo la Kisirikwa wala katika faili la kesi ya kijeshi. Kwa hiyo anayesema kwamba zamani hakukuwa na watoto wa namna hiyo hana ushahidi wa kauli yake, ana ukimya tu, na ukimya huo ni wa maandishi, si wa maisha.

Tuanze basi mahali maandishi yanapoanza kuwa mengi. Reli kutoka Mombasa ilifika Nakuru mwaka 1900, na kwa muda mfupi ardhi iliyoizunguka ikawa kitovu cha mashamba ya walowezi. Pamoja na mashamba yalikuja madaftari. Sheria ya usajili ya 1915, iliyoanza kutekelezwa mwishoni mwa muongo huo, ilimlazimu kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi kubeba kipande chenye jina lake, alama za vidole na historia ya ajira yake. Sheria ya wakazi vibarua ya 1918 iliwafunga maskwota, yaani Waafrika walioishi na kufanya kazi katika mashamba ya walowezi, kwenye shamba la mwajiri kwa idadi ya siku za kazi. Katika utaratibu huo, familia ilikuwa na thamani kwa kadiri ya mikono iliyoweza kuitoa. Kijana asiyesema ila anakamua ng'ombe kwa ustadi alikuwa mkono, na hakuna aliyekuwa na sababu ya kuuliza kwa nini hasemi. Mtoto aliyeshindwa kazi yoyote hakuwa na kipande wala mshahara, wala mstari katika daftari la mnyapara. Wote wawili, aliyeweza na aliyeshindwa, walipotea katika kumbukumbu kwa sababu moja: daftari halikuandikwa kwa ajili ya kumwelewa mtu.

Ingetarajiwa kwamba hospitali ingeona kile shamba lisichokiona. Lakini hospitali ya akili ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1910 na baadaye kujulikana kama Mathari, iliwekwa kwa ajili ya kuwatenga waliovuruga amani, na madaktari wake walikuwa na shughuli nyingine kabisa kuhusu akili za Waafrika. Katika miaka ya 1930, H. L. Gordon, daktari wa Mathari, alitangaza kwamba ubongo wa Mwafrika ni duni kwa maumbile, akitegemea vipimo vya mafuvu na bongo. Mwaka 1933 walowezi na madaktari wa Nairobi wakaunda chama cha kuchunguza uboreshaji wa mbari. J. C. Carothers, aliyeisimamia Mathari kuanzia 1938 hadi 1950 ingawa alipoteuliwa hakuwa na utaalamu wa magonjwa ya akili, aliandika kitabu kilichotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953, ambamo alimfananisha Mwafrika mzima wa kawaida na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Ubaya wa mafundisho hayo hauishii kwenye tusi. Daktari anayeamini kwamba watu wote wa nchi wana upungufu hawezi kumtambua mtoto mmoja anayetofautiana na ndugu zake. Ili kumwona mtoto wa namna hiyo ni lazima kwanza ukubali kwamba nduguze wana akili timamu. Nadharia ya mbari ilikuwa imeziba macho ya utabibu kabla swali la usonji halijaulizwa.

Na wakati huohuo swali hilo lilikuwa linaulizwa kwingine. Mwaka 1943, daktari Leo Kanner wa Baltimore alieleza habari za watoto 11 waliokuwa na namna moja ya upweke na ya kushikilia utaratibu. Mwaka 1944, Hans Asperger wa Vienna akaeleza watoto wanaofanana nao. Kabla yao, katika miaka ya 1920, Grunya Sukhareva alikuwa amekwisha kuandika habari za watoto kama hao huko Moscow, ingawa kazi yake haikusomwa sana. Wazazi wengi waliomfikia Kanner walikuwa wasomi na wenye nafasi, kwa sababu hao ndio waliojua mlango wa mtaalamu. Utabibu ukageuza ajali hiyo kuwa kanuni, ukadai kwamba usonji ni maradhi ya nyumba za wasomi, kisha ukawatwika akina mama lawama ya kuwanyima watoto upendo. Lawama hiyo ilienea kwa nguvu kupitia kitabu cha Bruno Bettelheim cha 1967. Mwaka 1977 Susan Folstein na Michael Rutter walichunguza jozi 21 za mapacha na kuonyesha kwamba pacha wa kufanana wa mtoto mwenye usonji ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa nao kuliko pacha asiyefanana naye. Hapo ikadhihirika kwamba kiini kimo katika urithi wa kibaolojia, wala si katika ubaridi wa mama. Mama wa Lanet anayelaumiwa leo na jamaa za mumewe anabebeshwa mzigo uleule waliobebeshwa akina mama wa Marekani, na kwa ushahidi hafifu uleule.

Mtu wa kwanza kuja Afrika na orodha ya dalili mkononi ili kuwatafuta watoto hawa alikuwa mtafiti Victor Lotter. Mwaka 1966 alikuwa ametoa hesabu ya kwanza ya usonji katika eneo zima, huko Middlesex, Uingereza, akapata watoto kati ya wanne na watano kwa kila 10,000. Mwaka 1978 alichapisha matokeo ya ziara katika miji tisa ya Afrika, Kenya ikiwa miongoni mwa nchi alizozitembelea. Kati ya watoto zaidi ya 1,300 wenye ulemavu wa akili aliowakuta katika taasisi, aliwahesabu tisa tu kuwa na usonji. Mwaka 1984 mtafiti mwingine, Victor Sanua, akaenda mbali zaidi na kupendekeza kwamba huenda usonji ni zao la ustaarabu wa Magharibi na teknolojia yake. Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote za wanaosema usonji ni mgeni, na haifai kupuuzwa, maana Lotter hakuwa mbaguzi wala mzembe.

Jibu la hoja hiyo limo katika njia aliyoitumia Lotter. Alitembelea taasisi, na katika Afrika ya wakati huo taasisi zilikuwa chache, za mijini, zenye ada na nafasi haba. Aliyefika humo alikuwa amekwisha kuchujwa na umbali na pesa. Mtoto aliyezurura usiku, asiyejua choo, asiyesema, ndiye mara nyingi aliyekuwa mgumu kupokelewa, na mtoto wa ncha ya pili ya wigo, anayesema na kusoma, hakuwa na sababu ya kupelekwa huko. Isitoshe, kipimo chenyewe kilikuwa chembamba. Kingerudishwa leo Middlesex, kingewaacha nje watoto wengi wanaotambuliwa sasa kuwa na usonji. Mwaka 1979 Lorna Wing na Judith Gould walionyesha katika mtaa wa Camberwell, London, kwamba watoto wenye sifa hizi ni wengi kuliko wale wa picha ya Kanner. Miongozo ya utabibu ikapanuka hadi 2013, ilipokusanya aina zote chini ya jina la wigo. Shirika la Afya Duniani liliwahi kukadiria kuwa mtoto mmoja katika kila 100 hivi ana usonji. Kama idadi ya Waingereza imeongezeka zaidi ya mara ishirini tangu 1966, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo inaelezwa na upana wa kipimo na wingi wa wapimaji, haki inadai kwamba Nakuru nayo isomwe kwa kanuni hiyohiyo.

Kuna jaribio la kihistoria linalotusaidia kuamua kati ya kauli hizi mbili, ile ya kwamba usonji ni mgeni na ile ya kwamba haukuonekana tu, nalo lilitokana na uhamaji wa jirani zetu. Wasomali waliokimbilia Minneapolis, Marekani, walianza mnamo 2008 kulalamika kwamba watoto wao wengi wanaambiwa wana usonji, jambo ambalo hawakulijua nyumbani. Wengi walihofu kwamba nchi ile ndiyo iliyowaharibu watoto, na chanjo ya surua ikashukiwa. Chuo Kikuu cha Minnesota kilifanya hesabu na kutoa matokeo mwishoni mwa 2013: mtoto mmoja katika kila 32 wa Kisomali, na mmoja katika kila 36 wa Kizungu, tofauti ambayo kitakwimu haikuwa na uzito. Wasomali hawakuwa wamepata ugonjwa mpya, walikuwa wameingia katika mji wenye shule zinazopima. Hata hivyo watoto wote wa Kisomali waliotambuliwa walikuwa pia na ulemavu wa akili, na yawezekana kwamba hata huko wale wenye usonji wa kujificha walikuwa bado hawajaonekana. Hofu ya chanjo nayo ilileta hasara yake. Utafiti wa Andrew Wakefield wa 1998 ulioihusisha chanjo na usonji ulifutwa na jarida lililouchapisha mwaka 2010, lakini mwaka 2017 surua iliwapata watu 75 huko Minnesota, wengi wao wakiwa watoto wa Kisomali ambao hawakuchanjwa. Yeyote anayerudia tuhuma hiyo katika zahanati za Nakuru ajue imekwisha kupimwa, na bei yake imekwisha kulipwa na watoto.

Turudi Kenya baada ya uhuru. Jicho la serikali lilifunguka kwa hatua, na kila hatua ilianza na ulemavu unaoonekana. Wamishonari wa Salvation Army walikuwa wamefungua shule ya wasioona Thika mwaka 1946, na shule za viziwi zikafuata. Kamati ya serikali iliyoongozwa na Paul Ngei mwaka 1964 ilizaa waraka wa serikali namba 5 wa 1968 kuhusu utunzaji wa watu wenye ulemavu. Vituo vya tathmini ya elimu vilianza 1984 kwa msaada wa Denmark, na taasisi ya kufundisha walimu wa elimu maalumu, KISE, ikaundwa 1986. Nakuru ilipata shule zake, za viziwi na za wenye ulemavu wa akili. Hizi ni kazi za kuheshimiwa. Lakini usonji haukuwa na sanduku lake katika fomu, kwa hiyo mtoto aliyekuwa nao aliwekwa katika kundi la ulemavu wa akili kama hakusema, na katika kundi la watundu kama alisema. Mlango wa kwanza wenye jina lake ulifunguliwa na wazazi. Mwaka 2003 chama cha wazazi, Autism Society of Kenya, kilianzisha kitengo katika City Primary School, Nairobi, mwaka mmoja baada ya Zemi Yenus, mama wa mtoto mwenye usonji, kuanzisha kituo chake Addis Ababa. Uingereza nako chama cha wazazi kilitangulia, mwaka 1962. Kila mahali mzazi ndiye aliyelazimisha daftari jipya, na serikali ikafuata nyuma.

Wako wanaokubali yote haya, kisha wakauliza kama jina lina faida. Wanasema zamani mtoto wa namna hii aliishi miongoni mwa watu, akachunga mbuzi, akalishwa na jamii yote, na kwamba kumpachika jina la kitabibu ni kumtenga. Hoja hii ina ukweli ndani yake. Kazi za mifugo zina utaratibu, kimya na marudio, mambo ambayo watu wengi wenye usonji huyamudu vizuri, na boma lenye shangazi, nyanya na binamu lilikuwa na macho mengi. Lakini wema huo ulikuwa na masharti: ulimfaa aliyeweza kazi, na aliyeshindwa aliangukia kwenye fasiri ya laana. Wakikuyu waliita thahu hali ya unajisi iliyomwangukia mtu aliyevunja mwiko, na ilihitaji tambiko. Utafiti wa Joseph Gona na wenzake katika pwani ya Kenya, uliochapishwa 2015, uliwakuta wazazi wakitaja pepo, uchawi na laana sambamba na homa za utotoni na matatizo ya uzazi. Haifai kuwacheka. Mzazi aliyekosa maelezo hushika maelezo yaliyo karibu, na hospitali ndiyo iliyokuwa mbali. Juu ya hayo, boma lenyewe halipo tena. Mashamba ya walowezi yalinunuliwa na kampuni na vyama vya ushirika, yakagawanywa ekari kwa ekari, kisha ploti kwa ploti, na ghasia za 1992 na za 2007 na 2008 zikawatenganisha wengi na jamaa zao. Nakuru ikawa jiji Desemba 2021. Katika chumba cha kupanga pembeni mwa barabara kuu ya Nairobi, mama ana mshahara mmoja na mlango mmoja wa kufunga anapokwenda kazini. Anayemwambia mama huyo arudi kwenye malezi ya zamani anamtuma mahali ambapo historia imekwisha kupabomoa.

Pingamizi la mwisho ni la pesa: kaunti yenye upungufu wa dawa itawezaje kugharimia usonji? Jibu ni kwamba sehemu kubwa ya kinachohitajika imekwisha kujengwa kwa ajili ya mambo mengine. Kitabu cha mama na mtoto cha kliniki kina hatua za ukuaji. Muuguzi aliyefundishwa anaweza kuuliza kama mtoto anaonesha kwa kidole na kuitikia jina, kwa muda uleule anaompima uzito. Vituo vya tathmini vipo tangu 1984. Mtaala wa umilisi, ulioanza kwa majaribio 2017, una njia inayofuata hatua za mwanafunzi badala ya umri na mtihani. Shirika la Afya Duniani lina mafunzo ya walezi yaliyotayarishwa kwa mazingira yasiyo na wataalamu wengi, nayo yamejaribiwa Ethiopia. Gharama ya kutofanya hivyo inalipwa tayari, ila inalipwa na mama aliyeacha kazi na dada aliyeacha shule, na kwa kuwa hailipwi na hazina ya kaunti, huhesabiwa kama si gharama.

Sensa ya 2019 inaonyesha tulipofika na tulipokwama. Iliuliza kuhusu kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujitunza na kuwasiliana, ikauliza pia kuhusu ualbino, na ikapata kwamba asilimia 2.2 ya Wakenya wa miaka mitano na zaidi wana ulemavu. Swali la ualbino halikuwako katika sensa za awali. Liliingia kwa sababu watu wenye ualbino walilidai. Usonji haukuulizwa. Kwa hiyo kuanzia kipande hadi sensa ya karne hii, mtoto wa Lanet mwenye usonji amepita katika madaftari yote bila kuandikwa kwa jina la hali yake. Sensa huja kila baada ya miaka kumi, na inayofuata ni ya 2029. Wazazi, walimu na wauguzi wa Nakuru wana muda wa kudai kwamba kaunti iwapime watoto wadogo mapema katika kliniki zake, na kwamba taifa liwaulize wazazi wao swali ambalo halijawahi kuwauliza. Mamlaka zilizopita ziliamua nani ahesabiwe bila kuwashauri wahusika. Safari hii uamuzi huo unaweza kudaiwa na walio karibu na mtoto, nao wana haki ya kuudai.